Mgodi wa Baba, Dhahabu ya Mama

Baba yangu alihangaika na pampu za maji kwa miaka thelathini na minne. Alistaafu akiwa fundi mkuu, na mpaka leo watu wa idara ya maji wanamwita Mzee Pampu. Mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Naye alistaafu, ila sauti ya mwalimu mkuu haikustaafu. Mimi ni mtoto wao pekee, kwa hiyo wakigombana sina kaka wala dada wa kugawana naye simu zao. Zote zinakuja kwangu, kazini, mikono yangu ikiwa imejaa plasta.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Daktari ananiletea alama ya kinywa cha mgonjwa, namimina plasta, nachonga nta, nachoma kwenye tanuru. Plasta ikishakorogwa haina subira. Wazazi wangu wanalijua hilo mwaka wa kumi na mbili sasa, na halijawahi kuwazuia kupiga.

Mambo yalianza malipo ya kustaafu ya baba yalipotoka. Walikubaliana kwamba pesa isilale tu benki huku bei za vitu zikiila. Wakakubaliana tena kwamba dhahabu ndiyo kitu cha kukimbilia. Makubaliano yao yaliishia hapo. Baba alitaka hisa za kampuni inayochimba dhahabu. Mama alitaka dhahabu yenyewe, ya kushika.

"Kipande kikikaa kabatini kinafanya nini?" baba aliuliza. Tulikuwa sebuleni kwao, Jumapili, na mimi nimekaa katikati kama refa. "Kinakaa tu! Hakizai. Mgodi unazaa kila siku. Bei ya dhahabu ikipanda kidogo, faida ya kampuni inapanda mara mbili, kwa sababu gharama za kuchimba ni zile zile. Na kila mwaka wanakugawia gawio."

"Hakizai," mama alisema, "lakini pia hakiitishi mikutano, hakiajiri mkurugenzi, hakina dereva. Nikiamka asubuhi nakikuta pale pale. Wewe utaamka ukute karatasi."

"Karatasi ndiyo mali siku hizi, Mwalimu."

"Basi nipe mimi kipande, wewe baki na karatasi."

Wakanigeukia. Nilisema neno ambalo bado nalijutia: gawaneni nusu kwa nusu, kila mtu afanye lake. Nilidhani nimemaliza ugomvi, kumbe nimeugawa ukawa magomvi mawili.

Baba alikwenda kwa dalali wa hisa akarudi na cheti, akakiwekea fremu. Mama alikwenda kwa muuzaji mwenye leseni, akanunua vipande vinne vya gramu ishirini ishirini, kila kimoja na karatasi yake yenye namba. Aliniita nije nivione. Vidogo, kama biskuti za mtoto. Alikuwa akivifuta kwa kitambaa kile anachofutia miwani.

Kuanzia hapo sikupumua. Mama alivihamisha vile vipande kila baada ya siku chache na, kwa kuwa alikuwa na hofu ya kusahau, alinipigia kuniambia vimekwenda wapi. Kwa sababu alihofia pia kusikilizwa, dhahabu aliiita dawa.

"Ile dawa nimeitoa kwenye mchele. Iko kwenye cherehani."

"Mama, niko kazini."

"Cherehani, droo ya kushoto. Usiandike popote."

Alibadilisha kitasa cha mlango, akaweka nondo madirishani, akamfukuza fundi wa friji aliyekuja kumsaidia kwa sababu eti alitazama sana upande wa kabati. Kwenda msibani ikawa shida, kwani lazima mmoja abaki nyumbani. Baba akawa anacheka: "Mali yako inakulinda, au wewe ndiye unayeilinda?"

Lakini na yeye kicheko chake hakikudumu. Bei ya dhahabu ilianza kupanda. Ilipanda mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu redio zikawa haziongei kingine. Mama akawa anaipandisha sauti ya redio kila taarifa ya biashara inapofika. Hisa za baba zilikuwa zimesimama kama gari lililoishiwa mafuta. Halafu zikaanza kurudi nyuma.

"Nieleze," mama alisema, akiwa na sauti ile ya kumwita mwanafunzi ubaoni. "Dhahabu imepanda. Wao wanauza dhahabu. Mbona wewe umeshuka?"

Baba alieleza. Dizeli imepanda. Wafanyakazi wameongezwa mishahara. Kampuni ina mkopo. Mwamba wa safari hii una dhahabu haba kuliko waliyotarajia. Alieleza vizuri sana, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuyasikia maneno yake mwenyewe. Mwisho akachukua kofia yake.

"Nakwenda kuutazama mgodi wangu," alisema.

Nilidhani ni hasira tu. Jumamosi iliyofuata nilijikuta nawaendesha, baba mbele na mama nyuma, saa nne za barabara ya vumbi, ili fundi pampu mstaafu akakague mgodi anaomiliki sehemu yake isiyofika hata punje. Mama alisema amekuja kwa sababu hawezi kukosa. Kipochi chake alikikumbatia njia nzima. Sikuuliza dawa iko wapi.

Tulifika langoni. Mlinzi alitoka, akamtazama baba kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mna miadi na nani?"

"Na mtu yeyote," baba alisema. "Mimi ni mwenye hisa." Akatoa nakala ya cheti.

Mlinzi aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Akaikunja vizuri akamrudishia. "Mzee wangu, ukiwa na akaunti benki wanakuruhusu kuingia chumba cha pesa?"

Nyuma nilimsikia mama akikohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Nikamwomba baba tuondoke. Alikuwa amesimama kando ya uzio wa waya, kichwa kimeinama upande mmoja, jicho moja amelifumba. Ndani, mbali kidogo, kulikuwa na banda la mabati, na kutoka humo ulitoka mngurumo. Kwangu ulikuwa mngurumo kama wowote.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Nasikia mashine."

"Ile ni pampu ya kutoa maji shimoni. Sikiliza vizuri. Kama mtu anatafuna kokoto. Inanyonya hewa. Ile pampu inajila yenyewe." Akasogeza sikio kwenye waya. "Na iko peke yake. Shimo la kina kile lina pampu moja! Ya akiba iko wapi?"

Akamgeukia mlinzi, akamuuliza pampu ile ina muda gani inalia vile. Mlinzi, kwa mara ya kwanza, alilegea. Alisema tangu mvua za mwanzo, na kwamba yeye ameizoea sauti hiyo, hata halali vizuri siku ambayo haipo.

Tuliporudi kwenye gari mama hakuwa akicheka tena. Niseme haki yake: aliongea kama mke. "Baba Nanihii," alisema, jina analolitumia akiwa hana ugomvi, "umejua jambo ambalo soko halijalijua. Jumatatu asubuhi nenda kwa dalali, uza."

"Niuze?" Baba alishangaa kweli kweli. "Niuze wakati tatizo ni pampu? Pampu inatengenezeka!"

"Si pampu yako!"

"Ni yangu! Nina hisa!"

Saa nne za kurudi niliwasikiliza. Jumatatu baba hakwenda kwa dalali. Alikaa mezani akaandika barua ya kurasa sita kwa mkurugenzi mkuu, na michoro miwili ya penseli, akieleza aina ya pampu, mahali pa kuiweka na kwa nini lazima ziwe mbili. Nilimwambia: baba, uza kwanza, barua baadaye. Alisema mtu hauzi ng'ombe kwa sababu ana kupe. Nilishika tama.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mistari mitatu: wamepokea, wanathamini mchango wake, wanamtakia afya njema. Baada ya wiki nyingine mbili pampu ilikufa na shimo likajaa maji. Wafanyakazi walitoka salama, tunashukuru. Uchimbaji ulisimama. Kampuni, ili ipate pesa za kutoa maji na kununua pampu, ikatangaza kuuza hisa mpya nyingi kwa bei ya kutupa. Kipande cha baba katika kampuni, ambacho tayari kilikuwa kidogo, kikawa kidogo zaidi. Thamani yake ilibaki robo.

Ungedhani mama angemwonea huruma. Alijaribu kwa siku mbili. Siku ya tatu alitaka kuuza kipande kimoja cha dhahabu, si kwa shida yoyote, bali apate kuziweka noti mezani, mbele ya sahani ya baba, ili somo lieleweke. Akakipeleka kwa sonara.

Sonara alikipima, akakitazama kwa lenzi, akasema atatoboa tundu dogo aone ndani.

"Utoboe kitu changu kizima?"

"Mama, nisipotoboa nitajuaje?"

"Si kimeandikwa?"

"Hata mimi naweza kuandika."

Mama akakinyakua akaja kazini kwangu, bila simu, akanikuta na taya la plasta mkononi. Akafunga mlango, akafungua kipochi, akavimwaga vyote juu ya meza yangu ya kazi. Vipande vitano.

Nilivihesabu tena. "Mama, si vilikuwa vinne?"

"Pima tu. Una mizani nzuri kuliko ya yule mtoboaji."

Mizani yangu ni ya kupimia madini ya meno, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kuna njia ya kujua dhahabu bila kuitoboa: unaipima hewani, kisha unaifunga uzi unaipima ikiwa imening'inia ndani ya maji. Dhahabu ni nzito kwa umbo dogo, kwa hiyo maji yanaipunguzia uzito kidogo sana. Gramu ishirini zinapaswa kupoteza gramu moja tu na chembe. Nilipima cha kwanza: gramu moja na chembe. Cha pili, cha tatu, cha nne, vivyo hivyo. Mama alianza kutabasamu. Nikafunga uzi kipande cha tano. Kilipoteza karibu gramu mbili.

Nikarudia. Nikabadilisha uzi, nikabadilisha maji. Karibu mbili.

"Kina nini?" mama aliuliza.

"Hiki ni madini ya risasi, mama. Kimepakwa dhahabu juu."

Nilikiweka kando ya vingine. Mtu yeyote angeona: kilikuwa kinene karibu mara mbili.

"Hukuona kwamba ni kinene?"

"Niliona," alisema polepole. "Nilidhani wamenipa kikubwa. Nilijiona nina bahati."

Ilibidi nigeukie dirisha. Sikujua nicheke au nipige kelele. Alikuwa amekinunua kwa mwanamke wa kikundi chake cha akina mama, aliyedai ana shida ya haraka, kwa nusu ya bei ya dukani. Mwalimu mkuu mzima, aliyewahi kumgundua mwanafunzi aliyeghushi saini ya babu yake kwa kutazama mkia wa herufi moja. Na pesa aliitoa wapi? Kwenye akaunti yao ya pamoja, ya akiba ya kubadilishia mabati ya nyumba, mabati yaliyokuwa yakivuja tangu mwaka juzi. Alichukua nusu yake. "Nilitaka nirudishe kabla hajajua. Mwanangu, usimwambie baba yako."

Plasta yangu ilikuwa imegandia kwenye bakuli. Nikaitupa, bakuli na vyote.

Kesho yake, saa tano asubuhi, baba akapiga. Alikohoa mara tatu kabla ya kuongea, na hapo nikajua.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita akitaka kitu, "zile hisa mpya walizouza kwa bei ya kutupa. Unajua mtu akinunua wakati bei iko chini, wastani wake unashuka..."

"Umenunua."

"Kidogo."

"Kwa pesa gani, baba?"

"Ile ya mabati. Nusu tu. Nusu nyingine ipo. Usimwambie mama yako."

Niliketi chini, sakafuni, katikati ya meno ya watu. Nusu nyingine! Watu wawili wanaotumia akaunti moja, kila mmoja ameogopa kuuliza salio asije akamshtua mwenzake.

Jumapili nilikwenda kwao mchana. Niliwaketisha mezani, nikazima redio, nikasema: "Kila mmoja wenu amenipa siri, na mimi sizitaki. Nawarudishia. Mama, anza."

"Nianze mimi kwa nini?"

"Basi baba."

"Mwalimu ni mkubwa wangu kikazi," baba alisema.

Niligonga meza. Sijawahi kuwagongea meza wazazi wangu, lakini walinyooka vitini. Mama akasema. Alisema yote, na unene wa kipande pia. Baba alisikiliza akitazama mikono yake. Nilisubiri acheke. Badala yake aliuliza, "Alikuwa analia huyo mwanamke, alipokuuzia?"

"Alilia."

"Angenililia mimi ningenunua viwili." Kisha naye akasema lake.

Mama alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Niliona macho yake yakienda juu, kwenye dari lenye madoa ya mvua. "Nusu mimi," alisema, "na nusu wewe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mabati..."

"Hakuna mabati," nikasema.

Walikasirikiana wiki nzima, na sitaki kuieleza wiki hiyo. Ilipokwisha, walikwenda pamoja kwa sonara na kipande kimoja kizuri. Mama alifumba macho wakati wa kutoboa. Ilikuwa dhahabu mpaka ndani. Sonara alilipa chini ya bei ya redioni, kwa sababu naye lazima ale, na mama akagundua kwamba bei ya kununua na bei ya kuuza hazilali kitanda kimoja. Hata hivyo, dhahabu ilikuwa imepanda mno tangu anunue, na pesa ilitosha mabati na misumari, ikabaki ya fundi. Yule mwanamke wa kikundi alikuwa amehama. Polisi waliandika maelezo na kukichukua kipande cha risasi kama kidhibiti.

Baba hakuuza hisa. Mama alikubali kwa sharti moja: taarifa ya mwaka ya kampuni ije kwake kwanza. Ilipokuja, aliketi nayo siku tatu na kalamu nyekundu. Siku ya nne alimwambia baba amhamishie hisa hamsini.

"Za nini? Si ulisema karatasi?"

"Asiye na hisa haruhusiwi kuuliza swali. Ipo ukurasa wa mwisho. Wewe ulikuwa unasoma picha."

Mkutano mkuu ulifanyika katika ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Niliomba ruhusa kazini nikawapeleka, kwa kuwa nilijua mmoja wao atatolewa nje, nikataka nijue ni yupi. Wakati wa maswali mama alisimama kabla kipaza sauti hakijamfikia, na hakukihitaji.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. Karatasi zilifunuliwa ukumbi mzima. Watu hawawezi kujizuia kwa sauti ile. "Wakurugenzi saba. Malipo yao yameongezeka kwa theluthi moja, katika mwaka ambao shimo limejaa maji. Naomba mwenyekiti atusomee mstari huo kwa sauti."

Makofi yalipigwa. Mwenyekiti alinywa maji. "Asante sana mama, swali zuri sana. Tutalijibu kwa maandishi."

"Mliwahi kunijibu kwa maandishi!" baba alisema akisimama. "Mistari mitatu! Niliwaambia pampu itakufa, ikafa. Nani aliisoma barua yangu?"

"Swali zuri pia," mwenyekiti alisema.

Walipopiga kura ya malipo hayo, mikono iliyopinga ilijaa ukumbini. Wazee, wajane, walimu, dereva mmoja mwenye sare. Kisha katibu akasoma kwamba mwanahisa mkubwa, mwenye asilimia sitini na mbili, ambaye hakuwepo, alikwishapiga kura yake kwa karatasi tangu wiki iliyopita. Malipo yamepita. Chakula kiko tayari chumba cha pili.

Tukiwa mlangoni, mwanamume mmoja mwenye kitambulisho cha kampuni kifuani alimvuta baba pembeni. Alijitambulisha kuwa mhandisi wa mgodi.

"Mzee, barua yako ilifika mezani kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Niliomba pampu hizo hizo, miezi sita kabla yako. Walisema bajeti ya mwaka ujao."

Nilifikiri neno hilo litamtuliza baba, kwamba alikuwa sahihi. Lilimchemsha. Alitoka nje akisema peke yake, "Walijua. Walijua!" Mama alimfuata akiwa na taarifa yake yenye wino mwekundu, na hakumwambia hata mara moja kwamba alimshauri auze.

"Sheria inasema tukifika asilimia kumi tunaweza kuitisha mkutano wenyewe," alisema. "Sisi tuna ngapi?"

Baba alifikiri. "Haisomeki. Ni sifuri nyingi mbele."

"Basi tunahitaji wenzetu." Akafunua ukurasa mtupu wa nyuma wa taarifa, akasimama katikati ya ngazi mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kumgusa. Dereva mwenye sare alikuwa wa kwanza kutoka. "Wewe una hisa ngapi? Jina lako, na namba ya simu. Andika inayosomeka."

Baba alimshikia kipochi. Nilitazama saa, kazini kulikuwa na mataya matatu ya plasta yananisubiri, na ruhusa yangu ilikuwa imekwisha nusu saa iliyopita. Niliwaita mara mbili. Hakuna aliyenisikia, kwani kulikuwa na ajuza mmoja anatafuta miwani yake ili aandike jina, na wazazi wangu wote wawili walikuwa wameinama kumsaidia. Nikaketi kwenye ngazi.